Kivuli cha Shemeji

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo, na leo hiihii shemeji yangu amekalia kiti changu. Daftari hili nimelinunua njiani nikirudi nyumbani. Mtu niliyezoea kumwambia ya moyoni ni mdogo wangu, na mdogo wangu ndiye mke wa huyo shemeji. Mama ninaishi naye, lakini ana presha. Basi, nitaliambia daftari.

Kiti chenyewe ni cha mkuu wa wafanyakazi katika kiwanda cha mikate. Mimi ni afisa mipango. Kazi yangu ni kujua msimu ujao tutahitaji watu wangapi wa tanuri, nani anakaribia kustaafu, nani ni mjamzito na atahitaji mtu wa kumshikia zamu, na mashine mpya ya kukandia ikija, wale wakandaji wa miaka yote tutawapeleka wapi. Watu wananiita Dada Mipango. Mkuu aliyestaafu alikuwa akinitaja mimi kuwa mrithi wake, na kila msimu wa mvua nilikikalia kile kiti wiki nzima kwa majaribio. Kilikuwa kimeshanizoea.

Shemeji nilimleta mimi kiwandani. Alikuja hajui hata zamu inapangwaje. Nilimfundisha mezani kwangu nyumbani, jioni baada ya jioni, mdogo wangu akitupakulia chakula. Leo tumekutana koridoni, kavaa tai, akaniambia, "Dada, tutashirikiana."

Tutashirikiana! Shukrani ya punda ni mateke, lakini punda angalau havai tai.

Jumanne, 4 Machi

Sikupata usingizi. Kazini nimekwenda hivyohivyo.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeshindwa kuvumilia. Nimepanda ngazi hadi kwa Mama Tanuri, mwenye kiwanda, kumuuliza kosa langu ni nini.

Mama Tanuri kiwanda alikirithi kwa taabu. Mumewe alipooza ghafla msimu wa mvua kama huu, na kila kitu alikuwa nacho kichwani mwake peke yake: nani anaingia zamu gani, nani anajua tanuri ipi, unga unaagizwa wapi. Tanuri zikazima, wateja wakahama. Tangu hapo akaweka sheria, na haipindi kwa mtu. Kila mkuu wa kitengo lazima awe na kivuli, yaani mtu wa kushika nafasi yake. Kila msimu wa mvua kuna Wiki ya Vivuli. Wakuu wote wanafukuzwa nyumbani wakapumzike, hawaruhusiwi kukanyaga kiwandani, na vivuli wao wanaendesha kazi. Mvua ndiyo wakati mikate inaliwa kuliko wakati wowote, kwa hiyo jaribio si la mchezo.

"Kaa, mwanangu," akaniambia. "Kosa huna. Ila nikikupandisha wewe, mipango namwachia nani?"

"Mtu atapatikana, mama."

"Kila mwaka nakuuliza kivuli chako nani. Kila mwaka unaniambia bado unatafuta. Nilimuuliza hata shemeji yako. Akasema, 'Dada anajua kazi, lakini hafundishi mtu.'"

Nilishuka ngazi. Yeye ndiye aliyesema hivyo, mtu ambaye kila anachokijua kilipita kinywani mwangu kwanza.

Kuninyang'anya kiti ningeweza kumeza, kwa uchungu, kama kidonge. Hili la "hafundishi mtu" halimezeki. Nitamlipa. Bado sijui kwa njia gani, lakini nitamlipa, na hakutakuwa na chenji.

Jumapili, 9 Machi

Mdogo wangu amekuja kumsalimia Mama. Amemshonea mumewe mashati mapya ya ofisini, akawa anatuonyesha moja moja. "Dada, mbona umenuna?" Nikamwambia jino. Akanipa pole ya kweli kabisa, akaenda kunichemshia maji ya chumvi. Nimesukutua kinywa kizima chenye afya mbele yake.

Ijumaa, 14 Machi

Leo ilikuwa siku ya kutaja vivuli. Wakuu wote husimama mbele ya Mama Tanuri, mmoja mmoja, na kutaja kwa sauti. Wa tanuri akamtaja msaidizi wake. Wa ghala vilevile. Ilipofika zamu yangu nikasema bado natafuta. Mama Tanuri akapiga kalamu mezani.

Shemeji alisimama, akanitazama, akakohoa. Nilikuwa nimejiandaa kukataa akinitaja. Hakunitaja. Akamtaja Kimya.

Watu walicheka kwa kujificha. Kimya ni karani wa mahudhurio, binti wa miaka ishirini na kitu, anakaa dirishani getini akiwaandikisha wanaoingia. Ukimsalimia anaitikia kwa kichwa. Watu wanasema siku kiwanda kikiungua, Kimya atakuja kutuambia keshokutwa.

Nilipokuwa natoka nilimsikia shemeji akimnong'oneza mkuu wa ghala: "Asiyesema hawezi kunipindua."

Ugonjwa huu naujua, nimeuona miaka yote kwenye viwanda na maofisi. Mkubwa anayeogopa kiti chake huchagua mrithi dhaifu, ili akiondoka wiki moja watu wamlilie. Basi nimeipata njia. Nitamfundisha Kimya. Nitamfundisha mpaka ile wiki ikiisha watu wajiulize huyu mwenye tai alikuwa wa nini.

Hafundishi mtu, eh? Subiri.

Jumatatu, 17 Machi

Nimemwita Kimya ofisini kwangu wakati wa chai. Nimemweleza kwamba nataka kumsaidia. Akaitikia kwa kichwa. Nimeanza na somo lilelile nililomwanzia shemeji: usianze na watu ulionao, anza na kazi itakayokuja, ndipo uulize ni watu gani. Shemeji somo hilo lilimchukua wiki mbili. Kimya amelisikiliza, akasema, "Kwa hiyo mvua ikizidi, niulize kwanza mikate."

Nilitaka kumkumbatia. Nimejizuia.

Jumatano, 19 Machi

Somo. Mvua.

Alhamisi, 20 Machi

Somo. Mvua. Kimya anajua kila mtu anakaa mtaa gani na anafika na nani, kwa sababu ya lile dirisha lake. Nimekaa miaka kwenye mipango, sikuwahi kufikiria kwenda kuketi getini.

Jumatatu, 24 Machi

Kikao cha wakuu. Shemeji kaja na jambo lake la kwanza kubwa. Anataka kukivunja kikundi cha akiba.

Kikundi hicho nilikipigania mimi. Ni watu waliofunzwa tanuri, hawana zamu maalumu. Mtu akiugua au akifiwa, wao wanaziba pengo. Siku zisizo na pengo wanasafisha trei na kunywa chai. Shemeji aliiona chai tu.

"Tunabeba watu wa kukaa," akasema. "Tuwagawe kwenye usambazaji wakafanye kazi ya kuonekana."

Mama Tanuri akanigeukia. "Mipango inasemaje?"

Hapo ndipo nilipaswa kusema. Nilijua kila neno la kusema. Watu wa tanuri karibu wote wanakaa bondeni, mto ukifurika bondeni hakuna anayetoka, na mvua ya mwaka huu si ya kuchezea. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na huu haukuwa ufa, lilikuwa pengo la kupita gari.

Nikasema, "Mkuu ameshasema, mama."

Shemeji akanipa tabasamu la shukrani. Maskini. Alidhani nimemsamehe.

Jumanne, 25 Machi

Kimya ameuliza mwenyewe kabla sijafungua mdomo: "Dada, bondeni pakifurika?"

Nikamwambia wafungashaji wengi wanakaa mlimani, maji hayawafikii. Awachukue wachache wachache, mchana kazi ikipoa, wajifunze tanuri. "Ufanye kimyakimya," nikasema, "kabla ya Wiki ya Vivuli. Iwe yako."

"Mkuu anajua?"

"Mkuu ana mambo mengi."

Akanitazama kwa muda. Macho ya huyu binti yana utulivu unaochosha. Kisha akaitikia kwa kichwa.

Jumamosi, 29 Machi

Mama kanikamata jikoni. "Siku hizi unaimba ukiosha vyombo. Nani kafa?"

Nikacheka, nikamweleza nusu. Akaacha kumenya alichokuwa anamenya. "Huyo ni mume wa mdogo wako. Mchimba kisima huingia mwenyewe."

"Sichimbi, Mama. Nafundisha."

"Hata anayenoa kisu husema ananoa tu."

Jumatano, 2 Aprili

Mvua mchana kutwa. Shemeji ananiomba nimwandalie hotuba ya kuwaaga kabla ya mapumziko. Nimemwandalia, nzuri sana. Mtu akianguka ni vizuri aanguke kutoka mahali pa juu.

Jumatatu, 7 Aprili

Wiki ya Vivuli imeanza. Wakuu wameondoka, shemeji wa mwisho, akiwapungia watu mkono. Mimi sina kivuli, kwa hiyo nimebaki kazini kama kila mwaka. Kimya ameingia ofisi ya mkuu, amekisogeza kile kiti kando na kuketi kwenye stuli aliyoitoa getini. Nimemuuliza sababu. "Kinazunguka sana," akasema.

Jumanne, 8 Aprili

Kimya kimya. Namaanisha siku, siyo yeye. Mvua kubwa jioni.

Jumatano, 9 Aprili

Imekuja.

Nimefika alfajiri, geti liko wazi, ukumbi wa tanuri hauna watu. Mto umepita juu ya daraja la bondeni. Zamu nzima ya asubuhi iko ng'ambo ya maji. Ya usiku imechoka, imesimama pale watu wanashikana mikono kama waliofiwa. Unga umeshaumuka kwenye mabeseni, na unga ukiumuka haumsubiri mtu. Hospitali inangoja mikate, shule zinangoja, maduka yanapiga simu. Kivuli wa tanuri, kijana wa watu, alikuwa anauliza, "Kikundi cha akiba kiko wapi? Kikundi cha akiba?" Kiko kwenye magari ya usambazaji, mwanangu, kimelala makwao mpaka saa tatu.

Nilisimama mlangoni. Nakiri kwamba moyo wangu ulicheza. Nilisema, haya, tai, njoo uone.

Kimya akaingia na buti za mvua. Alikuwa ameshaita wafungashaji wa mlimani tangu usiku, mvua ilipobadilika sauti. Wakaingia mmoja mmoja, wamejifunika mifuko ya plastiki. Akawapanga: aliyejifunza sana mbele ya tanuri, aliyejifunza kidogo nyuma yake, mtu mmoja wa zamu ya usiku katikati ya kila wawili, kisha apumzike. Hakupaza sauti hata mara moja. Alikuwa anamgusa mtu bega na kumwonyesha pa kusimama.

Simu yangu ikaanza kulia. Shemeji. Habari zilikuwa zimemfikia na sheria inamkataza kuja. Nikaiacha ilie. Ikalia tena. Nikaiweka mezani, kioo juu, nikawa naitazama inavyotetemeka na jina lake. Ujumbe ukaingia: *Dada nisaidie waambie wairudishe akiba dada tafadhali.* Sikumbuki lini nimefurahi vile. Nilikunywa chai yangu yote, ya moto, bila haraka.

Saa mbili Mama Tanuri akafika, sketi imelowa magotini. Mikate ilikuwa inatoka, imeungua kidogo pembeni lakini inatoka. Akasimama katikati ya ukumbi akivuta ile harufu kwa macho yaliyofumbwa.

Ndipo tukasikia ukelele. Mmoja wa wafungashaji, mama wa mapacha, alikuwa ameshika trei kwa mkono ambao kitambaa chake kilikuwa kimelowa. Mtu wa tanuri anajua kwamba kitambaa kibichi ni kibaya kuliko mkono mtupu. Hilo hawakuwa wamefika kufundishwa. Ngozi ya kiganja ilibaki kwenye trei. Kimya alimkimbiza kwenye bomba la maji, akaushika ule mkono mpaka gari likaja, na yule mama alikuwa anasema jambo moja tu, "Watoto nitawabebaje? Watoto nitawabebaje?"

Nimejiambia ni kosa la shemeji, yeye ndiye aliyevunja akiba. Ni kweli, ni yeye.

Alhamisi, 10 Aprili

Ni yeye.

Ijumaa, 11 Aprili

Mama Tanuri amemuuliza Kimya mbele ya wote: "Nani aliyekufundisha haya?"

"Dada Mipango."

Ukumbi mzima umenigeukia. Mama Tanuri amenitazama kwa namna mpya. Lile neno la "hafundishi mtu" limekufa leo mchana, na mimi ndiye niliyelizika. Jumatatu wakuu wanarudi. Nimepiga pasi gauni langu la buluu. Kiti nitakirudisha mahali pake, kizunguke kinavyotaka.

Jumatatu, 14 Aprili

Shemeji amevuliwa cheo. Imechukua muda mfupi kuliko kunywa maji. Mama Tanuri alimuuliza kwa nini alivunja akiba, akasema mipango haikupinga. Akaulizwa, "Wewe ni mkuu au mwangwi?" Tai ilikuwa imepinda, na hakuna aliyemwambia.

Kisha Mama Tanuri akasema kiti cha mkuu wa wafanyakazi amepewa Kimya.

Nilidhani sijasikia. Watu walipiga makofi, nami mikono yangu ikapiga makofi pamoja nao, sijui niliitoa wapi. Baadaye nikamfuata ngazini. "Mama, na mimi?"

"Wewe nimegundua unafundisha vizuri," akasema. "Mwalimu wa namna hiyo simtoi darasani." Akapanda zake. "Na bado hujanitajia kivuli."

Jumanne, 15 Aprili

Naumwa. Siumwi. Sikwenda.

Jumapili, 20 Aprili

Mdogo wangu amekuja. Hakukaa. Mashati ya mumewe kayaleta kwenye mfuko, kayamwaga kitandani kwangu.

"Dada, alikupigia simu?"

"Alipiga."

"Uliiona?"

Nikaanza kuyakunja mashati.

"Ulijua kuhusu ile akiba? Alipoivunja, ulijua itakuja kuwa hivi?"

"Na yeye alijua nilimfundisha kila kitu, akaenda kusema sifundishi mtu! Hilo huniulizi? Alinichoma kisu mumeo, kwenye meza ambayo wewe ulikuwa unatupakulia!"

Alinitazama, mtoto niliyembeba mgongoni. "Kama alikukosea, ungeniambia mimi. Ningemkalisha chini. Mimi si ndiye mdogo wako?" Akatoka. Hakusema 'kwaheri, dada.'

Mama alikuwa mlangoni. Sikutegemea huruma na sikuipata. Aliniuliza jambo moja tu: "Haya. Umeshiba?"

Jumatano, 23 Aprili

Nimekwenda kumwona mama wa mapacha. Mkono umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko. Mapacha wanatambaa. Alinishukuru kwa kuja. Nimefua nguo zote nilizozikuta kwenye beseni, kisha nikaondoka bila kusema nililokwenda kusema.

Jumatatu, 28 Aprili

Kimya kaniita. Kile kiti kimeondolewa kabisa, ile stuli ndiyo ofisi. Akaniambia kikundi cha akiba kinarudi, na mama wa mapacha akipona atapewa kazi ya dirishani getini. Nikasema vizuri.

"Na wewe unahitaji kivuli. Nimekupangia mtu."

"Nani?"

"Shemeji yako."

Sitaandika nilivyosema. Nilisema mengi, na mengine nilisema kwa kusimama. Nilimwambia heri kazi niiache. Alisubiri mpaka nimeishiwa pumzi.

"Dada, wewe ndiye uliyenifundisha usianze na watu, anza na kazi. Kazi ya mipango inahitaji kivuli. Anayeijua nusu yake tayari ni mmoja tu."

"Ni nyoka!"

"Alisema uongo juu yako. Wewe ulinyamaza juu yake. Kitambaa cha yule mama kililowa katikati yenu." Sauti haikupanda hata kidogo. "Ile siku ya kikao mlango ulikuwa wazi, nilikuwa nimeleta mahudhurio. Nilisikia ulivyojibu. Na siku ile alivyonong'ona, nilisikia pia. Nyote wawili mlinichagua kwa sababu sisemi."

Miaka yote hii mdomo haujawahi kuniangusha, na leo umeniangusha mbele ya binti wa getini. Nikaitikia kwa kichwa.

Jumatatu, 5 Mei

Mvua imekatika. Asubuhi mlango wangu umegongwa, nikajua kabla sijasema ingia. Shemeji alikuwa amebeba kiti chake mwenyewe, maana ofisini kwangu kuna kimoja tu. Hana tai.

"Tuanzie wapi, dada?"

Nilikuwa nimeliandaa jibu tangu juzi, nimelinoa vizuri. "Anzia pale ulipomwambia Mama Tanuri kwamba sifundishi mtu."

Akasimama na kiti mikononi. Masikio yalimwiva. Sikumwambia aketi. "Niliogopa," akasema hatimaye. "Wewe ungekipata kiti cha mkuu, mimi ningekuwa shemeji wa Dada Mipango mpaka kufa." Kisha akasema, "Na wewe? Kwenye kikao. Uliogopa nini?"

Ningeweza kumfukuza. Nilimtazama akiwa ameshika kile kiti, uzito unaanza kumlemea, nikamwacha akishike kidogo tena, kwa sababu mimi si malaika.

"Sikuogopa," nikamwambia. "Nilikuchukia. Weka kiti chini."

Tumefanya kazi mpaka saa kumi. Somo la kwanza kalisahau lote, imebidi nirudie. Sijamsamehe. Nimemwambia kesho aje mapema.